Upande wa Kushoto wa Mativo

Jumatatu, 1 Machi 1999

Mimi ni mke wa mtu! Niandike tena nione kama maneno yatabaki pale pale. Mimi, Mukai, ni mke wa Mativo. Yamebaki.

Harusi ilikuwa juzi Jumamosi na leo nimefagia nyumba yangu mwenyewe – chumba kimoja hapa Shauri Moyo, dirisha moja, pazia la maua nililolishona kwa mkono. Nilipomaliza nikafagia tena, maana sikutaka raha iishe. Mativo alikuwa kitandani ananitazama. Akasema nikiendelea hivyo nitafika kwa jirani wa chini. Nikamwambia chini hakuna jirani, ni ardhi. Akasema basi nitatokea Machakos, niwasalimie.

Nimsifu? Nani wa kunizuia, daftari ni langu. Mrefu. Mabega ya mchongaji. Akicheka anaanza na pua. Viganja vigumu kama gome, lakini akishika kikombe cha chai utadhani ameshika kifaranga.

Kuna kajambo kamoja tu. Leo nilikaa kushoto kwake nikamsimulia jinsi shangazi alivyolia kanisani kumshinda mama yangu mzazi. Alinijibu huku anautazama mlango. Nikahamia kulia – akanitabasamia kama mtu aliyenipokea kutoka safari ya mbali! Nimekaribishwa mara mbili kwa mazungumzo yale yale. Bi harusi gani mwingine hupata hivyo?

Jumatano, 3 Machi

Nasima, jirani yetu wa mlango wa pili, mzaliwa wa Majengo, anayekaanga mahamri kila asubuhi, ameniita nimsaidie kukanda unga. Si unga. Alitaka habari. Alisema mtaani kiharusi cha Mativo kinasimuliwa kwa namna tatu: alirogwa, alianguka kutoka mtini, au alikufa akafufuka. Yeye alitaka ya nne, ya mwenye mume.

Basi nikampa.

Ilikuwa Novemba. Tulikuwa wachumba, mbuzi wa kwanza wa mahari walikuwa wameshafika kwetu. Mativo alikuwa amechonga twiga wa kunizidi mimi urefu, oda ya Dk. Shamis, aliyetaka kumsimamisha pale wagonjwa wanaposubiri. Nilikwenda kumsaidia kubeba. Uongo – nilishika pembe tu. Nilikwenda ili niwe karibu naye. Tulipofika mlangoni mwa kliniki yake, pale hospitalini, Mativo akamtua twiga chini, kisha akajitua na yeye. Mdomo ukaenda pembeni. Mkono wa kushoto ukaning'inia kama mkono wa koti lisilo na mtu. Dk. Shamis alitoka kupokea twiga, akapokea mwanamume.

Walimpiga picha ya kichwa pale pale hospitalini. Daktari akasema damu imeganda na kuziba mshipa upande wa kulia wa ubongo, na kwamba ndiyo kwanza arudi kutoka masomoni ng'ambo, huko wana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Lazima ipewe mapema. Na inaweza pia kumwagisha damu kichwani. Mativo alikuwa macho, akatikisa kichwa kukubali. Daktari akanigeukia mimi. Nikasema yeyusha.

Ikayeyuka. Kama chumvi kwenye maji! Kwanza kidole, kisha mkono, kisha mguu, kisha mdomo ukarudi mahali pake na neno la kwanza likawa kuuliza kama twiga amevunjika.

Chanzo ni moyo. Homa ya utotoni iliharibu mlango mmoja wa moyo wake, haufungi vizuri, na damu inaganda hapo. Nikamwambia Nasima huo ndio mlango nilioingilia mimi. Alicheka hadi mahamri yakaungua.

Kwa hiyo sasa anakula vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi. Akijikata, haigandi upesi. Ndiyo sababu Dk. Shamis amekataza kisu na tezo, kile kishoka cha kuchongea, amemruhusu msasa tu. Na Mativo hataki msasa hata kwa kuusikia, maana kwa wachongaji wetu wanaume huchonga, na wake zao ndio hupiga msasa na kung'arisha.

Mwishoni Nasima aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, kama dawa ile iliyeyusha damu peke yake. Haikugusa akili kidogo? Nikanuna. Nilitaka kumrudishia hamri lake, lakini nilikuwa nimeshalila.

Ijumaa, 5 Machi

Nimepika muthokoi. Wa kwanza tangu niwe mke! Mahindi laini, maharagwe hayakupasuka, kitunguu cha kutosha. Mativo alikula nusu ya sahani – nusu kamili, kama mtu aliyepiga mstari kwa rula – kisha akaomba aongezwe. Nikamwambia amalize kwanza ule alio nao. Akatazama sahani. Akanitazama. Akasema umekwisha.

Nikaizungusha sahani.

Akaona lundo la muthokoi. Akaniuliza nimeupika saa ngapi, mbona sufuria iko mbali. Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Yeye naye akacheka kwa pua. Ila aliacha kucheka kabla yangu.

Haidhuru, nimepata dawa yake. Kila kitu kitakaa kulia! Kikombe kulia. Taa kulia. Redio, mswaki, viatu, Biblia, kulia kulia kulia. Nimehama hata upande wangu wa kitanda. Sasa nyumba nzima imelalia upande mmoja kama mama aliyebeba kiondo, na Mativo hakosi kitu. Ameniambia sijawahi kuona nyumba iliyopangwa vizuri hivi. Yaani yeye ndiye hajawahi. Nimechanganya kwa furaha.

Jumapili, 7 Machi

Aibu na kicheko. Niliona tukiwa njiani kwenda kanisani – amenyoa ndevu nusu! Shavu la kulia kama yai. La kushoto kama brashi. Na tulikuwa tumeshachelewa.

Sikumwambia. Nilifungua mwavuli, nikatembea kushoto kwake, nikauinamisha usoni mwake hadi mlangoni. Hakuna mvua wala jua kali. Kina mama walitutazama kama watu wanaojionyesha mapenzi. Waone tu!

Ndani ikaja ya pili. Nyimbo za zamani anazijua kwa moyo, lakini leo tuligawiwa wimbo mpya uliochapwa kwenye karatasi. Mativo aliimba mwisho wa kila mstari tu. Kimya, kimya, kimya – kisha "rehema!" Kimya, kimya – kisha "milele!" Kwa besi nzito kabisa. Mwalimu wa kwaya alifurahi, akadhani ni ufundi, akamwomba ajiunge nao.

Nyumbani nilimwambia nitamnyoa mimi kuanzia leo, kwa sababu ya mapenzi. Alikubali akafumba macho. Nilinyoa shavu la kushoto polepole na sikucheka hata kidogo.

Jumanne, 9 Machi

Leo nilimpelekea chakula bandani, Gikomba. Napenda pale. Vumbi la mti, harufu ya muhugu, tezo zikigonga kila kona. Wanaume wanakaa chini, gogo limebanwa kwa nyayo mbili, mkono wa kushoto unalishika, tezo iko katika wa kulia na inashuka karibu na vidole kiasi cha kukufanya ufumbe macho.

Mativo alikuwa upande wa wanawake na kipande cha msasa. Ndolo, msimamizi wa banda, anampenda Mativo na kwa hiyo hamwachi bila utani. Aliniita shemeji, akanikaribisha, akaniuliza kama mke mwenzangu Mativo anapika vizuri. Wote wakacheka. Mativo akajibu kwamba anapika kumshinda Ndolo kuchonga. Wakacheka zaidi.

Tukaondoka, tukavuka barabara. Kisha akasema, "Natembea, Mukai. Nasema. Dawa ilifanya kazi. Wananiweka na msasa kwa nini?"

Nilikuwa nimemshika mkono wa kushoto, ndio unaovuka barabara vibaya.

Kuna desturi pale. Mchongaji aliyekaa nje kwa ugonjwa harudishiwi nafasi yake hadi atoe umbo kutoka kwenye gogo ghafi mbele ya wote. Mikono yake tu. Hakuna wa kumgusa wala kumsemesha hadi atue tezo mwenyewe. Wanasema ni kwa heshima, asije mtu akasema alisaidiwa.

Alhamisi, 11 Machi

Ameleta kisu na vipande vya mjakaranda nyumbani, ndani ya gunia la msasa. Anachonga swala wadogo, dume na jike, karibu na dirisha.

Najua alivyosema daktari. Lakini anapiga mluzi! Sikuwa nimeusikia mluzi huo tangu Novemba. Nimejifanya ninapanga vyombo.

Jumatatu, 15 Machi

Kliniki. Twiga wetu amesimama pale pale, mtoto mmoja alikuwa anamlamba goti.

Dk. Shamis alimpa Mativo karatasi iliyojaa nyota ndogo akamwambia azikate zote kwa kalamu. Mativo alizikata kwa bidii, akasema tayari. Nyota zote za kulia zilikuwa zimekatwa. Za kushoto zilikuwa ziking'aa bila wasiwasi. Kisha akaambiwa achore saa. Alichora duara safi – yeye ni fundi! – akazibana namba zote kulia, hadi kumi na mbili ikakosa pa kukaa.

Nilikohoa. Nikakohoa tena kwa upande wa kushoto. Daktari akaniuliza kama nataka maji.

Kisha akaniuliza mimi, mke. Nyumbani anagongana na milango? Anaacha chakula? Nikasema hapana daktari, hakuna shida yoyote, anakula vizuri sana. Na ni kweli anakula vizuri, kwa sababu ninampakulia upande mmoja. Mativo naye akasema hakuna shida. Tulikuwa kama wanafunzi wawili walioiba embe moja.

Dk. Shamis hakukasirika. Alieleza taratibu. Alisema bomba likiziba, mboga shambani zinakauka. Ukilifungua mapema, nyingi zinapona, na Mativo alifunguliwa mapema, ndiyo maana anatembea. Lakini kuna zilizokauka kabla maji hayajarudi. Baadhi zitachipuka. Nyingine hajui. Akasema hata huko alikosoma walipima sana mikono na miguu, wachache waliuliza kama mtu anaiona nusu ya dunia yake. Macho ya Mativo ni mazima, alisema. Ni umakini wake ndio hauendi kushoto. Haujui kama kuna kushoto.

Akaniambia nisimrahisishie. Nimwekee vitu kushoto. Nikae kushoto, nimwite kutoka huko, nimsubiri hadi anitafute. Mara nyingi, kila siku. Na asiguse tezo hadi azione nyota zote.

Nikasema sawa, daktari.

Tulipopitia bandani Ndolo akauliza daktari amesemaje. Mativo akamwambia amesema yuko sawa. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Kiatu changu hakina kamba.

Jumatano, 17 Machi

Nimejaribu. Asubuhi nilikaa kushoto kwake na chai, nikamwita. Akajibu akitazama kulia. Nikamwita tena. Akaangalia chini ya meza! Nikasubiri kama nilivyoambiwa. Akaamka, akachungulia nje, akamuuliza Nasima kama ameniona.

Nilikuwa pale pale. Nimevaa gauni la bluu.

Ilichekesha kwa dakika chache. Kisha haikuchekesha. Nikikaa kushoto, sipo. Sijamaliza hata mwezi tangu niolewe, nataka kuwepo! Nikarudi kulia, akanikaribisha, tukanywa chai.

Jioni alinionyesha swala dume. Akasema amemaliza. Upande wa kulia – sijui niseme nini. Sikio jembamba, jicho linalosikiliza, bega linalotaka kukimbia. Nikamgeuza. Upande wa kushoto ni kipande cha mti. Hakuna jicho. Hakuna mguu. Swala nusu anatoka ubaoni kama anayechungulia dirishani.

Mativo alikuwa anasubiri nimsifu. Nilimsifu. Alipokwenda kuoga nilichukua kisu.

Ijumaa, 19 Machi

Vidole vyangu vitatu vina plasta. Kuchonga ni kazi ngumu, sikujua! Nimemaliza upande wa kushoto wa dume na wa jike. Nikapiga msasa mwingi kuficha. Jike ametoka vizuri. Dume ana tabasamu.

Mativo ameona plasta. Aliuliza ni nini, nikasema karoti. Akabusu vidole vya mkono uliokuwa kulia kwake. Vya kushoto vilingoja zamu, haikufika.

Jumamosi, 20 Machi

Ndolo amewaona swala! Aliwashika mmoja mmoja, akawageuza, akawainua juani. Mimi nilikuwa nimeketi na wanawake wa msasa. Akasema upande huu ni swala na upande huu ni mbuzi aliyesoma. Banda zima likacheka. Akasema lakini ni kazi, jamani, mtu amerudi. Mkono umechoka kidogo upande mmoja, utakaa sawa.

Akatangaza Ijumaa ijayo. Gogo la muhugu, mbele ya wote.

Mativo alinitafuta kwa macho. Nilijua pa kukaa, akanipata mara moja. Sijawahi kumwona na uso ule, hata siku ya harusi. Niseme kweli? Niliona wivu kidogo. Na chini ya wivu kulikuwa na kitu kingine, baridi, nikakifunika na sifa.

Kwa hiyo amesifiwa kwa nusu yangu. Na hajui kwamba kuna nusu.

Jumanne, 23 Machi

Mwandiko utasamehewa leo.

Mchana nilikuwa nafua nje. Nikasikia Mativo akiuliza, kwa utulivu kabisa, nani amemwaga rangi. Sikujibu, hatuna rangi. Akauliza tena. Nikaingia.

Alikuwa ameketi dirishani, kisu mkononi, akichonga na kupiga mluzi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya kidole gumba, damu inatiririka juu ya mti, juu ya goti, hadi kwenye sakafu niliyoifagia. Naye anaendelea kuchonga. Alikuwa ameiona damu ilipofika upande wa kulia wa goti. Aliiona kama rangi. Mkono ulioitoa hakuwa ameutazama kabisa.

Niliubana kwa leso. Leso ikalowa. Nikabana kwa taulo. Nikamwita Nasima, akaja na unga mikononi, akaushika mkono wa Mativo juu ya kichwa chake akaubana kwa nguvu za mtu anayekanda tangu alfajiri. Tulimbana pamoja kwa muda mrefu sana. Mativo alikuwa anatuomba radhi kwa usumbufu. Hatimaye ikapungua. Ikasimama. Duka la dawa wakamfunga bandeji kubwa kama mkate wa boflo.

Alipolala Nasima hakuondoka. Alitazama chumba. Taa kulia, redio kulia, viatu vimebanana kulia, upande wa pili mtupu kama nyumba ya watu waliohama. Akaokota swala ambaye hajakwisha. Akamgeuza.

Akasema, "Mwanangu, unamsaidia au unamficha?"

Nikamwambia ninampenda. Akasema hilo mtaa mzima unalijua, tangu siku ya mwavuli.

Tezo ni nzito kuliko kisu. Na gogo linabanwa kwa nyayo zote mbili. Siwezi kuacha kuufikiria mguu wa kushoto.

Alhamisi, 25 Machi

Nilitaka kumwambia leo. Nilipanga maneno nikiwa sokoni, yalikuwa mazuri, hata muuza nyanya aliniuliza nazungumza na nani. Nilimkuta Mativo ananoa tezo. Nikamwambia aahirishe, mkono haujapona. Akasema mkono wa kushoto kazi yake ni kushika tu. Nikamwambia Dk. Shamis alikataza. Akasema Dk. Shamis anataka nyota, yeye si mwanajeshi wa anga.

Nikacheka. Alaa, ananichekesha hata pale nisipotaka!

Kisha akaiweka tezo chini na kusema taratibu kwamba kesho wakimrudishia nafasi yake atakuwa tena yule mwanamume niliyekubali kuolewa naye. Kwamba tangu Novemba anaona watu wanamsubiri amalize kuwa mgonjwa, na mimi peke yangu simsubiri.

Maneno yangu ya sokoni yote yakaisha. Nikamwambia alale.

Ijumaa, 26 Machi

Naandika nimekaa kwenye gunia nje ya banda. Nimetolewa. Nasima yuko nami, amefunga duka la mahamri leo ili aje. Amenunua chai mbili, zinapoa.

Niandike tu kama ilivyokwenda.

Walimtandikia Mativo mkeka katikati. Wachongaji wote wakazunguka, na sisi wanawake nyuma yao. Ndolo alikuwa amevaa koti! Akaweka gogo la muhugu, akampa tezo kwa mikono miwili, akarudi nyuma. Hata redio ya fundi wa baiskeli jirani ilizimwa.

Mativo akakaa. Akabana gogo kwa nyayo. Ule wa kulia ukashika vizuri. Ule wa kushoto ukapanda juu ya gogo na kukaa pale, vidole vyote juu, mahali pale pale tezo ilipokuwa inaelekea. Hakuutazama. Aliinua tezo na uso ulikuwa na furaha tupu. Nilitazama huku na huku nione kama kuna mwingine anayeuona mguu ule. Wote walikuwa wanatazama tezo.

Hakuna wa kusema hadi mchongaji atue tezo. Naijua desturi. Na mke wa siku chache ndiye wa mwisho kuivunja.

Nikasema, "Mativo, usipige. Upande wa kushoto wa wale swala niliuchonga mimi."

Mtu mmoja alicheka, akajikuta peke yake. Tezo ilibaki juu. Ndolo akanigeukia na uso ambao sikuwahi kuuona, hakuna shemeji ndani yake. Nami nikaendelea, maana nilikuwa nimeshaanza: sahani, ndevu, nyota, mkono uliokatwa, kila kitu nilichohamisha. Yote mbele ya wanaume anaofanya nao kazi. Nikasema dawa iliyeyusha ilichoambiwa iyeyushe na namshukuru Mungu, lakini kuna kushoto ambako hajarudi bado, na mimi ndiye niliyemzuia asikutafute, kwa sababu nilitaka anitazame mimi.

Mativo alikuwa ananitafuta. Nilikuwa nimesimama kushoto kwake, sikuchagua, msongamano ndio ulinisukuma huko. Macho yake yalianzia upande wa kulia kabisa, kwa Ndolo, yakapita watu mmoja mmoja, yakafika katikati, yakasimama. Nilitaka kukimbilia kulia. Miguu yote ilitaka! Nasima alinishika gauni kwa nyuma.

Sikujua kama yalifika. Hapo ndipo Ndolo aliposema asiye na tezo mkononi atoke nje, wanawake na wanaume, wote. Akabaki yeye na Mativo.

Sasa wachongaji wamesimama barabarani wanavuta sigara, hawanitazami. Mmoja alipita akasema shemeji umetuonyesha mambo. Sijui ni sifa au ni tusi. Nasima anasema ni vyote viwili, ninywe chai.

Kwanza ilisikika sauti ya Ndolo, ndefu. Kisha ya Mativo, fupi. Kisha kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Kisha kimya kirefu hadi nikasimama, Nasima akanikalisha.

Tezo imeanza.

Nawajua wote kwa mapigo yao. Ndolo anapiga haraka, kama anayebisha mlango wa mdeni. Huyu si Ndolo. Na Mativo ninayemjua hapigi hivi pia. Huyu anapiga mara moja, kisha ananyamaza. Ananyamaza muda wa kutosha mtu kugeuza kichwa, kutafuta mguu wake ulipo, kuusogeza. Kisha anapiga.

Wavuta sigara wanasikiliza. Fundi mmoja kijana anauliza ni nani anayechonga polepole hivyo.

Pigo. Kimya – kirefu hiki, kirefu kuliko cha kwanza – Nasima amenishika mkono –

Pigo.